Mawese Mezani, Molekuli Kwenye Skrini: Mwongozo wa Kufundisha Kemia Mwambao wa Rumonge

Rumonge, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kemia hufanyika nje ya darasa kila siku. Chikichi hupikwa na kukamuliwa mpaka mawese mekundu yatoke. Mafundi wa sabuni huyachanganya mawese hayo na soda kaustiki. Ndagala huanikwa juani ili maji yatoke na bakteria wakose pa kuishi. Mtoto wa mwambao huu, kuanzia Magara na Minago hadi Nyanza-Lac, ameona mimenyuko mingi kabla ya kuisoma kwa majina yake ya Kifaransa.

Ambacho hajakiona ni molekuli. Hajaona chembe za maji zikiachana sufuria inapochemka, wala soda ikimega mnyororo wa mafuta. Mwalimu mwenye chaki hujitahidi kuchora, lakini mchoro wa ubaoni haujongei, na shule nyingi hazina maabara ya kutosha. Hapo ndipo somo la skrini, lenye picha zinazojongea, sauti na vitelezi ambavyo mwanafunzi anaweza kuvigusa, linapoweza kusaidia.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa kemia wa mwambao mwenye kompyuta mpakato moja, intaneti ya kubahatisha na umeme unaokatika. Una hatua za maandalizi, masomo matatu yaliyokwisha kupangwa, tahadhari za usalama na orodha ya ukaguzi.

KWANZA: SKRINI INAFANYA KAZI GANI?

Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kwa nini kemia huwashinda wengi. Mwanafunzi hutakiwa kufikiri katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kinachoonekana kwa macho (sabuni inaganda), kisichoonekana (molekuli zinajipanga upya), na alama (mlinganyo ubaoni). Mwalimu aliyezoea huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujua kwamba ameruka, na mwanafunzi hubaki nyuma.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Richard Mayer, alitumia miaka mingi kupima jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Aligundua kwamba maneno yakiandamana na picha inayofaa hufundisha kuliko maneno peke yake. Aligundua pia kwamba mapambo, muziki wa chinichini na maandishi marefu yanayorudia sauti humpunguzia mwanafunzi uelewa, kwa kuwa akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa mara moja.

Yote hayo yanatoa kanuni moja ya kazi:

1. Kinachoonekana kiletwe mezani: mawese, ndimu, maji ya ziwa.
2. Kisichoonekana kiwekwe kwenye skrini: atomu, molekuli, ioni.
3. Ubao uunganishe hivyo viwili kwa alama na milinganyo.

Video ya mtu anayemwaga ndimu kwenye kikombe ni kupoteza betri, maana ndimu ipo sokoni. Mwigo wa kompyuta unaoonyesha ioni ndani ya tone la ndimu una faida, kwa sababu hakuna jicho litakaloziona.

PILI: HESABU YA UMEME

Kabla ya kutafuta somo lolote, jua lina muda gani wa kuishi. Umeme wa REGIDESO, shirika la maji na umeme la Burundi, hukatika, na jenereta haitegemeki katika nchi ambayo miaka ya karibuni imesumbuliwa na uhaba wa mafuta. Kwa shule nyingi, paneli ya sola na betri ndiyo njia iliyo imara zaidi.

*KISANDUKU: Betri itadumu saa ngapi?*

- Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200.
- Betri ya kawaida ya risasi na tindikali isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zimebaki 600.
- Inveta nayo hula sehemu yake. Hesabu 500 za kutumia.
- Projekta ya wati 200 na kompyuta ya wati 50: saa 2.
- Televisheni ya LED ya inchi 32, kama wati 50, na kompyuta ileile: saa 5.

Projekta huonekana na darasa zima, ila humaliza betri baada ya vipindi viwili na hushindwa na mwanga wa mchana. Televisheni ndogo hudumu, lakini wanafunzi 60 hawawezi kuitazama pamoja. Suluhisho ni mzunguko: kundi la 15 mbele ya skrini, makundi mengine kwenye jaribio la mezani na mazoezi ya daftari, kisha yabadilishane. Ukiwa na projekta, ielekeze kwenye ukuta ulio mbali na madirisha na uzibe dirisha la karibu kwa kitenge kizito.

Tahadhari mbili. Umeme unaporudi baada ya kukatika, volti hupanda ghafla, kwa hiyo chomoa vifaa au tumia kilinda umeme. Na betri ya tindikali isikae ndani ya darasa lililofungwa, kwani inapochajiwa hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka.

TATU: PAKUA MARA MOJA, TUMIA MWAKA MZIMA

Somo linalotegemea intaneti wakati wa kipindi litakwama. Kila kitu kiwe kwenye kompyuta kabla mwanafunzi hajaketi.

Pa kuanzia ni PhET, mkusanyiko wa miigo ya sayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia. Ni bure, ipo kwa Kifaransa, na baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili. Nchini Rwanda, kituo cha umahiri cha ufundishaji wa hisabati na sayansi kilichoko Rukara, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kimefanya tafiti kuhusu miigo hii na video madarasani, kwa hiyo si jambo geni katika ukanda huu.

1. Nenda mahali penye mtandao mzuri. Fungua tovuti ya PhET na uchague kemia.
2. Chagua lugha ya Kifaransa, kisha tazama kama toleo la Kiswahili lipo pia.
3. Pakua miigo minne ya mwanzo: hali za maada, kipimo cha pH, kusawazisha milinganyo, na ule wa vimenyukaji na mabaki.
4. Kila mwigo wa kizazi kipya hushuka kama faili moja linalofunguka kwa kivinjari. Zima intaneti na ulifungue. Likifunguka, umefaulu.
5. Weka nakala kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mkuu wa shule.

Shule yenye kompyuta au tableti kadhaa ihamie hatua ya pili: Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Kompyuta moja huwa seva, na vifaa vingine huunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani isiyohitaji intaneti. Ndani yake mna miigo ya PhET, masomo ya Khan Academy kwa Kifaransa na maktaba nyinginezo, na mwalimu huona nani amemaliza zoezi gani. Kolibri imetumika katika shule za kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, mahali ambapo mtandao ni shida kama ilivyo Rumonge au zaidi.

Kwa majaribio ya mezani, miongozo ya Shika na Mikono iliyoandaliwa Tanzania inafaa sana, kwani imejengwa juu ya vitu vya dukani na sokoni badala ya vifaa vya maabara.

NNE: SOMO LA KWANZA. MAJI YANACHEMKA KWA NYUZI NGAPI RUMONGE?

Anza na somo hili. Halina kemikali ya hatari, na lina jambo ambalo video nyingi hazilisemi.

Vitabu na video husema maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani ya bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo kidogo, na maji ya Rumonge huchemka kwa nyuzi kama 97. Mwanafunzi anayeona kipimajoto kikigoma kwenye 97 huku video ikitaja 100 ana sababu ya kuuliza.

*Vifaa:* sufuria, jiko, kipimajoto kinachofika 110, mwigo wa hali za maada, na kadi nne za karatasi kwa kila mwanafunzi zenye herufi A, B, C na D.

*Maandalizi:* jaribu kipimajoto kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka. Kikisoma 1 badala ya 0, toa 1 kwenye kila kipimo. Bandika maji jikoni kabla ya kipindi. Jiko la mkaa likae nje au mlangoni penye upepo, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

*Mpango wa dakika 45:*

1. Dakika 0–5, swali. Andika ubaoni: mapovu makubwa ya maji yanayochemka yana nini ndani? A: hewa. B: haidrojeni na oksijeni. C: mvuke wa maji. D: hamna kitu.
2. Dakika 5–10, kura. Kila mmoja ainue kadi bila kutazama ya jirani. Hesabu kura na uziandike, usiseme jibu. Kisha wawili wawili wabishane na wapige kura tena.
3. Dakika 10–20, mezani. Mwanafunzi mmoja asome kipimajoto kwa sauti kila dakika. Ncha isiguse chini ya sufuria. Wengine wachore jedwali. Moto ukiendelea na kipimo kikasimama, waulize joto linakwenda wapi.
4. Dakika 20–32, skrini. Fungua mwigo, chagua maji. Kabla ya kugusa kitelezi cha joto, kila mmoja achore anavyodhani molekuli zitakavyokuwa. Kisha pasha polepole. Simamisha. Uliza: je, kuna molekuli hata moja iliyovunjika? Wataona kwamba zimeachana tu, kila moja ikiwa nzima. Kura za B zinaanguka hapo.
5. Dakika 32–40, ubao. H₂O(l) → H₂O(g). Onyesha kwamba atomu ni zilezile pande zote mbili. Rudi kwenye namba 97 na ueleze kanieneo.
6. Dakika 40–45, swali la kutokea. Milima ya Bururi na Mugamba inapita mita 2,000. Maji huko yatachemka juu au chini ya 97? Na maharagwe yatachelewa au yatawahi kuiva? (Huchemka kwa nyuzi kama 93, na maharagwe huchelewa.)

Utaratibu wa kubashiri, kutazama na kueleza ndio uti wa mgongo wa somo la skrini. Richard White na Richard Gunstone wa Australia waliuandika kitabuni mwaka 1992, na umeenea duniani kwa sababu hauhitaji fedha. Mwanafunzi aliyebashiri hutazama kwa makini, akitaka kujua kama alipatia.

TANO: SOMO LA PILI. ZIWA LINA PH NGAPI?

Wanafunzi wengi hudhani maji yote yasiyo na ladha yana pH 7. Ziwa Tanganyika linakaribia 9. Maji ya mvua na mito huleta haidrojenikabonati na madini mengine kutoka miambani. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke, yakiacha chumvichumvi nyuma.

1. Katakata kabichi ya zambarau, itie kwenye maji moto kwa dakika 10, chuja. Hicho ndicho kiashiria chako. Kabichi isipopatikana, tumia maua makavu ya choya.
2. Panga vikombe vinne: ndimu, maji ya mvua, maji ya ziwa, maji ya sabuni.
3. Wanafunzi wabashiri rangi na kuandika.
4. Tia kiashiria cha kabichi. Ndimu hutoa nyekundu ya waridi, maji ya mvua hubaki zambarau au hukaribia hapo, maji ya ziwa huenda buluu inayoelekea kijani, sabuni hukolea kijani zaidi. Ukitumia choya, jaribu kwanza peke yako ili ujue rangi zake.
5. Fungua mwigo wa pH. Una vinywaji, maziwa, damu, sabuni na tindikali ya betri. Nenda kwenye ukurasa unaoruhusu kuchagua pH mwenyewe, weka 9.
6. Waache wasome uwiano wa ioni. Kwenye pH 9, ioni za OH⁻ ni mara 10,000 ya zile za H₃O⁺. Waulize: kwenye pH 8 je? (Mara 100.) Hapo ndipo darasa hugundua kwamba hatua moja ya kipimo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana.

Chota maji mbali na mifereji ya mji na mahali pa kufulia, la sivyo utapima sabuni ya majirani. Achotaye awe mtu mzima, si mwanafunzi peke yake ufukweni.

SITA: SOMO LA TATU. SABUNI NA KINACHOBAKI

Hili ndilo somo linalougusa uchumi wa Rumonge moja kwa moja, na ndilo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi. Kazi yake ni kufundisha kimenyukaji kinachokwisha kwanza, mada ambayo wanafunzi hukariri kanuni zake bila kujua zinahusu nini.

Fundi wa sabuni anaijua mada hiyo kwa ngozi yake. Akizidisha soda, sabuni huwasha. Akizidisha mafuta, sabuni huwa laini na ya kuteleza. Kuna kipimo cha katikati, na kemia inaweza kukikokotoa.

*Hatua ya skrini kwanza.* Mwigo wa vimenyukaji na mabaki huanza kwa kutengeneza mkate wa tabaka: vipande viwili vya mkate na kimoja cha jibini. Mwanafunzi anabadilisha idadi na kuona kinachobaki. Kisha mwigo unahamia kwenye molekuli halisi, ukianza na utengenezaji wa maji. Wape dakika 15, kila kundi likibashiri mabaki kabla ya kufunua jibu.

*Hatua ya ubao.* Chukua tripalmitini, mojawapo ya molekuli za mafuta ya aina hii:

C₅₁H₉₈O₆ + 3 NaOH → C₃H₈O₃ + 3 C₁₅H₃₁COONa

1. Uzito wa mole moja ya tripalmitini ni gramu 807.
2. Mole tatu za NaOH ni gramu 120.
3. Kwa gramu 100 za mafuta: 120 × 100 ÷ 807 = gramu 14.9 za soda.
4. Mafundi hutumia gramu kama 14.1 kwa mawese. Waulize kwa nini ni pungufu.

Jibu ni zuri kuliko swali. Mawese ni mchanganyiko: asidi ya palmitiki ni kama asilimia 44, na oleiki inakaribia asilimia 40. Oleiki ina kaboni 18 badala ya 16, kwa hiyo molekuli ya mafuta yenye oleiki ni nzito zaidi, na gramu 100 zina molekuli chache. Molekuli chache, soda kidogo. Darasa limetoka kwenye mkate wa kompyuta hadi kwenye kipimo cha fundi kwa hesabu ya mistari minne.

*Hatua ya macho.* Wanafunzi wasishike soda kaustiki. Ama waende kutazama kwa fundi, wakisimama mbali, ama watazame video ambayo mwalimu ameirekodi huko.

*KISANDUKU: Soda kaustiki, yasiyosameheka*

- Soda hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kamwe kwenye soda, yatachemka na kuruka usoni.
- Miwani ya kukinga na glavu ni lazima kwa anayechanganya.
- Sufuria ya aluminiamu hairuhusiwi. Soda huila na kutoa haidrojeni. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.
- Ikirukia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha zahanati. Usitie ndimu wala siki ili "kuipoza".
- Soda iliyobaki isihifadhiwe kwenye chupa ya kinywaji.

SABA: KUREKODI VIDEO YAKO

Hakuna kiwanda cha video duniani kitakachokuletea fundi wa sabuni wa Rumonge, wala chemchemi za maji moto za Mugara. Simu ya kawaida inatosha.

1. Omba ruhusa kwa kila mtu atakayeonekana, na useme video itatumika wapi.
2. Andika kwanza swali moja ambalo video itajibu. Likizidi moja, rekodi video mbili.
3. Laza simu kwa mlalo, iegemeze kwenye kitu. Mkono hutikisika.
4. Rekodi mikono na chombo, si nyuso. Usionyeshe nyuso za watoto.
5. Isizidi dakika tatu. Acha mahali pa kusimamisha, kabla tu ya badiliko kutokea, ili darasa libashiri.
6. Usiweke muziki.
7. Nakili kwenye kompyuta siku hiyohiyo, ipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano "sabuni_mawese_soda".

NANE: LUGHA TATU, SKRINI MOJA

Sekondari ya Burundi hufundisha kemia kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa uko kwa Kifaransa. Nyumbani ni Kirundi, na mijini mwambaoni ni Kiswahili pia. Rumonge na Nyanza-Lac zilipokea familia nyingi zilizorejea kutoka Tanzania, zikiwemo za wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972, na vijana wao wengine walianza shule kwa Kiswahili. Video ya Kifaransa inayokwenda mbio huwaacha hao nje.

Tumia mizunguko mitatu:

1. Bila sauti. Onyesha picha, eleza kwa Kiswahili au Kirundi kinachotokea. Wanafunzi waulize kwa lugha yoyote.
2. Kwa sauti ya Kifaransa. Onyesha tena. Ubaoni pawe na maneno matano tu ya Kifaransa ya kusikilizwa, si zaidi.
3. Kwa kalamu. Kila mmoja aandike sentensi mbili za Kifaransa kueleza alichoona, kama atakavyotakiwa kwenye mtihani.

Kuna neno moja la kuangaliwa sana: "chumvi". Jikoni ni moja tu, lakini kwa mkemia chumvi ni kundi kubwa lenye hata vitu vyenye sumu. Lisemwe mapema, tena lirudiwe.

TISA: MAKOSA YANAYOJIRUDIA

*Skrini kuwa sinema.* Wanafunzi wametazama dakika 20 bila kuandika wala kubashiri. Kila dakika tatu au nne simamisha na uulize.

*Mwigo kuchukuliwa kuwa picha halisi.* Oksijeni si nyekundu, na molekuli za maji hazihesabiki kwa makumi. Kila mara maliza kwa kuuliza: kwenye mwigo huu, kipi ni cha kweli na kipi kimewekwa ili tuone?

*Mwanafunzi mmoja kushika kipanya kipindi kizima.* Mara nyingi ni yule mwenye kompyuta nyumbani. Badilisha mshikaji kila dakika tano, na uhakikishe wasichana wanashika kama wavulana.

*Kusoma maandishi yaliyo kwenye skrini kwa sauti.* Akili inasoma na kusikiliza kwa pamoja, na vyote viwili vinagongana. Weka picha, sema maneno.

*Kuacha mkono upoe.* Mwigo haumfundishi mtu kushika kipimajoto wala kusoma mstari wa maji kwenye silinda. Pale jaribio salama linapowezekana, lifanywe.

*Kukosa mpango wa umeme kukatika.* Kwa kila somo la skrini, chora kabla picha tatu kwenye karatasi kubwa: kabla ya badiliko, wakati wa badiliko, baada yake. Skrini ikizimika, zibandike ubaoni na uendelee.

*Kutumia simu za wanafunzi bila makubaliano.* Pale kanuni za shule zinapozikataza, zungumza na mkuu wa shule kwanza. Na hata zikiruhusiwa, asiyekuwa na simu asikae pembeni: simu moja kwa wanafunzi wanne inatosha.

KUMI: ORODHA YA UKAGUZI

*Wiki moja kabla*

- ☐ Lengo la somo limeandikwa kwa sentensi moja
- ☐ Imeamuliwa kipi kinakwenda mezani, kipi skrini, kipi ubaoni
- ☐ Faili limepakuliwa na kufunguliwa intaneti ikiwa imezimwa
- ☐ Nakala ipo kwenye flashi

*Siku moja kabla*

- ☐ Betri na kompyuta zimejaa
- ☐ Vifaa vya mezani vimejaribiwa na mwalimu mwenyewe
- ☐ Karatasi tatu za dharura zimechorwa
- ☐ Kadi za A, B, C, D zipo za kutosha
- ☐ Maji ya kuoshea yapo kama kuna kemikali yoyote

*Wakati wa kipindi*

- ☐ Ubashiri umeandikwa kabla ya skrini kuonyesha jibu
- ☐ Kura ya kwanza na ya pili zimehesabiwa
- ☐ Skrini imezimwa wakati wa kuandika mlinganyo
- ☐ Swali la kutokea limeulizwa

*Baada ya kipindi*

- ☐ Kura zimelinganishwa: wangapi walibadili jibu, na kwa upande gani
- ☐ Swali lililowashinda wengi limeandikwa kwa ajili ya kipindi kijacho
- ☐ Faili, swali la kura na maelezo mafupi vimewekwa kwenye flashi ya shule ili mwalimu wa darasa la jirani avitumie

Shule inayoanza kabisa isijaribu masomo yote matatu ndani ya wiki moja. Muhula wa kwanza ifanye somo la maji yanayochemka katika kila darasa la kemia, kwa swali lilelile la kura. Matokeo yalinganishwe katika kikao cha walimu wa sayansi, kisha ndipo bajeti ya projekta au betri ya pili ipelekwe kwa kamati ya shule, ikiambatana na hesabu za kura ya kwanza na ya pili.